Katibu Aliyetazama Koo

Redio yake ilikuwa na skrubu nne nyuma, na kila moja aliitia nukta ya rangi ya kucha, nyekundu, aliyoichukua kwa binti yake. Nukta ilikaa nusu juu ya kichwa cha skrubu na nusu juu ya plastiki, hivyo mtu akifungua rangi inapasuka. Nilikuwa fundi redio pale Majengo, katika chumba cha kupanga nyuma ya msikiti, na sikuwahi kuona mteja akiifunga redio kwa lakiri kabla ya kuileta kwa fundi. Nilimwuliza nitaitengenezaje bila kuifungua. Akasema nifungue tu, alichotaka kujua ni kama nimefungua mara moja au mara mbili.

"Mara ya kwanza unatafuta ugonjwa," alisema. "Mara ya pili unatafuta spea."

Niliifungua mara moja, nikaunga waya wa betri uliokuwa umeoza, nikaifunga. Aliporudi aliigeuza, akazitazama skrubu moja moja, akanilipa bila kuomba punguzo. Tangu siku hiyo hakuipeleka kwa fundi mwingine, lakini hakuacha kutia rangi.

Wote tulimwita Katibu. Alikuwa katibu wa chama cha msingi cha kahawa huko kwao Marangu, kisha katibu wa tawi la chama wakati chama kilikuwa kimoja, na vyama vingi viliporuhusiwa akawa katibu wa tawi la upinzani. Kote huko aliondolewa au aliondoka mwenyewe, ila jina lilibaki. Hata padri alimwita Katibu.

Siku za soko aliteremka na pikapu za ndizi hadi Himo, kutoka hapo akaja mjini, akamaliza shughuli zake kisha akakaa kwenye benchi langu. Alizungumza habari za Uingereza. Vijana wa Majengo walivyofuatilia mpira ndivyo yeye alivyofuatilia siasa za Waingereza: nani ni waziri wa nini, nani amegombana na nani ndani ya chama kilekile, nani alikataa kupiga picha na nani. Alfajiri alisikiliza London kwa Kiingereza, jioni kwa Kiswahili, akalinganisha. Mbali kabisa alikofika yeye mwenyewe ni Dar es Salaam, na hakupapenda.

Nilimwuliza kwa nini Waingereza. Alinijibu kwamba kwa miaka yote ya chama kimoja redio yetu ilitangaza kuwa mkutano umemalizika kwa amani na utulivu na wajumbe wote wameunga mkono. Yeye alikuwamo katika baadhi ya mikutano hiyo. Alijua wajumbe walivyotoka hawasalimiani, na alijua mtu fulani aliyehamishwa baada ya hapo hadi sehemu isiyo na barabara. Ila hapakuwa na mahali pa kuisikia habari hiyo ikisemwa. Ukitaka kujua chama kinavyowala watu wake, alisema, ilibidi usikilize cha mwenzio.

Alikuwa na kanuni aliyoipata huko. Kiongozi akitoka mkutanoni akasema ana imani na mwenzake kwa moyo wote, mwenzake ajiandae. Waingereza walipomwangusha waziri mkuu wao, Katibu aliteremka mjini siku isiyo ya soko, kavaa koti lake la kanisani. Aliyeangushwa hakuwa mtu wake. Alikuwa amemsema vibaya kwa miaka, hasa kwa mambo ya Afrika Kusini. Lakini alikuwa na huzuni ya kweli. Alisimulia jinsi mawaziri walivyoingia ofisini mmoja mmoja, kila mmoja akisema yeye binafsi yuko naye, tatizo ni wale wengine.

"Hakuna aliyempiga," alisema. "Wote walimwonea huruma."

Jirani yangu, fundi cherehani Mwislamu mwenye maneno, alizoea kumtania kila alipofika. Alimwuliza Waingereza wameamkaje. Katibu akamjibu kwa uso uleule mkavu:

"Leo wanasifiana. Kuna mtu anaondoka."

Na mara nyingi mtu aliondoka kweli. Kuna waziri wao mmoja aliyefumaniwa na mambo ya aibu akajiuzulu, akasema anataka kuwa na muda zaidi na familia yake. Katibu alicheka mpaka akavua miwani. Kwa mwaka mzima baada ya hapo, kwenye kibaraza chetu, mtu akichelewa kuleta kazi au akimkimbia mwenye nyumba tulisema yuko na familia. Zilipokuja habari za wabunge waliopokea bahasha ili waulize maswali bungeni, yeye hakucheka. Aliniomba nipunguze sauti ya redio iliyokuwa mezani.

"Wanalipwa waulize," alisema polepole, kama anayejaribu hesabu. "Fundi, kwetu wanalipwa wasiulize."

Kuhusu pombe alikuwa na desturi ambayo si yake peke yake. Kwetu mlimani, anayekupa mbege, pombe yetu ya ndizi, huinywa kwanza mbele yako, kisha anakupa kata, ujue haina kitu. Sababu inajulikana na haisemwi. Sisi wengine tunaitazama desturi hiyo kama tunavyotazama ishara ya msalaba: mkono unapita, mambo yanaendelea. Katibu aliitazama kweli. Alikaa mbele ya mwenyeji, akasubiri kata ipande, macho yake yakatua chini ya kidevu cha mtu yule na yakabaki hapo. Watu walijisikia vibaya. Nilipomwambia kwamba anawafedhehesha, alisema mdomo wowote unaweza kulowana.

"Angalia koo," alisema. "Mdomo ni wa mkutanoni."

Baadaye nikagundua kwamba alikuwa na msemo huo kwa kila kitu. Mgombea akiahidi barabara, Katibu aliuliza koo limesogea? Mnunuzi binafsi wa kahawa, hao walioanza kupita na mizani zao soko lilipofunguliwa, akisema bei yake ndiyo ya juu, Katibu aliuliza vilevile.

Na bado nyumba yake haikuwa na kufuli. Mtu aliyepaka rangi skrubu za redio aliacha mlango wazi akaenda misa, na majirani waliingia kuchukua jembe bila kuomba. Aliwashuku viongozi wote, lakini kiongozi yeyote akiingia alisimama na kuvua kofia, hata diwani kijana ambaye yeye Katibu alimzidi umri mara mbili. Alisema kuaminiana ni jambo la watu wanaoweza kukuumiza, na aliyeiba jembe hawezi kukuumiza sana. Sikukubaliana naye, na sikukubali pia kwamba yeye hakumwamini mtu yeyote. Alimwamini mmoja.

Huyo alikuwa Mwenyekiti wa tawi. Vihamba vyao, yale mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba, vilipakana, migomba ya mmoja ikiinamia ya mwingine, na mfongo mmoja, mfereji wa maji ya kumwagilia, ulipita kwa wote wawili. Kati ya vihamba hivyo palikuwa na uzio wa masale, yale majani membamba marefu tunayopanda mpakani, na katikati ya uzio palikuwa na pengo ambapo watoto na watu wazima wa nyumba zote mbili walipita miaka yote. Mwenyekiti alikuwa mtu mnene, mcheshi, msahaulifu. Mbege ya Mwenyekiti ndiyo pekee niliyomwona Katibu akiipokea huku anaangalia pembeni, anazungumza mambo mengine.

Wawili hao walifungua tawi la upinzani pamoja. Mimi sikuwa mwanachama, ila nilikodiwa kufunga vipaza sauti kwenye mikutano yao, kwa hiyo niliona mengi. Walipandisha bendera juu ya mti wa mrina uliochongwa, na Mwenyekiti alipiga hotuba fupi iliyowachekesha hata askari. Katibu alinong'ona kwamba mambo yanakwenda vizuri mno.

Kisha wakubwa wa chama hicho huko Dar wakaanza kugombana. Walikuwa wawili, kila mmoja na kundi lake, kila mmoja akimwita mwenzake kibaraka. Kulikuwa na maneno ya fedha za chama zilizotumika vibaya, ya gari lililosajiliwa kwa jina la shemeji, ya mkutano ambapo viti vilirushwa. Matawi yakatakiwa kuchagua upande. Katibu alimchagua yule mkali asiyemsifu mtu yeyote; kwa kanuni yake huyo alikuwa salama. Mwenyekiti hakutaka kuchagua. Alisema tawi ni la watu wa hapa.

Ikaja siku ya mkutano wa Himo, kwenye uwanja karibu na njia panda, kumtangaza Mwenyekiti kuwa mgombea udiwani. Maneno ya chini yalikuwa yameanza kwamba Katibu na Mwenyekiti hawapatani, na nadhani Mwenyekiti alitaka kuyamaliza. Alishika kipaza sauti changu, akamgeukia rafiki yake, akasema mbele ya watu wote:

"Katibu wangu huyu, nina imani naye kwa moyo wote."

Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa karibu na betri, na nilimwona Katibu. Alikaa kama mtu aliyesomewa hukumu. Nilipoanza kukusanya waya alinijia, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba amekwisha. Nilimwambia huyu ni Mwenyekiti, si waziri wa London. Amesema kwa sababu ndivyo anavyoona. Akanijibu kwamba hata wale waliosema kwa waziri mkuu wao walikuwa marafiki, ndiyo maana waliruhusiwa kuingia ofisini.

Lingekuwa hilo tu, pengine lingepita. Lakini siku chache baadaye, mvua ikinyesha, alimwona Mwenyekiti palepale Himo akishuka kwenye pikapu ya kijani ya mgombea wa chama tawala. Mwenyekiti alisema alipewa lifti kwa sababu ya mvua, alikuwa anatoka kumnunulia mkewe dawa. Katibu aliuliza dawa iko wapi. Mwenyekiti akasema ameisahau garini. Sisi tuliomfahamu tulijua kwamba Mwenyekiti aliwahi kumsahau mbuzi sokoni. Lakini tulijua pia kwamba watu walikuwa wananunuliwa msimu ule, na si wote walioonekana wa kununuliwa.

Katibu aliwahi kwanza. Kwenye kikao cha wilaya alisimama, akaeleza habari ya pikapu na habari ya dawa, akaomba mgombea abadilishwe. Hakupaza sauti. Walimbadilisha. Mgombea mpya hakujulikana na mtu, chama kikashindwa kata ile vibaya, na Mwenyekiti akarudi kwenye migomba yake na hakuhudhuria mkutano wa chama chochote tena. Kama kweli alinunuliwa, aliuza kitu ambacho hakuwa nacho tena. Nilimweleza Katibu hivyo. Alisema huenda mnunuzi aliridhika.

Siku ya pili ya Krismasi mwaka ule nilikuwa kwetu Marangu kama kila mtu wa mlimani. Nilikwenda kumsalimia, nikamkuta ameketi na mzee mmoja, shemeji wa nyumba zote mbili. Mzee alikuwa ameshika isale, jani moja la masale, likiwa limekatwa pamoja na kipande cha shina. Lilikuwa limetoka kwa Mwenyekiti.

Wasiotoka kwetu huenda hawajui uzito wa jani hilo. Mtu akikukosea akakuletea isale, hukatai. Hata awe amekufanyia nini, likifika unalipokea na jambo limekwisha. Katibu alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akamsindikiza mzee hadi barabarani. Aliporudi macho yake yalikuwa yanang'aa.

"Umeona?" alisema. "Amekiri."

Nilimwambia kwamba huenda Mwenyekiti anataka amani tu. Watoto wao wamerudi kutoka Dar kwa sikukuu, wanachinja pamoja kila mwaka, mfongo ni mmoja.

"Isale linatoka kwa nani, fundi?"

"Kwa aliyekosa."

"Basi. Mimi sikumpelekea. Amenipelekea yeye."

Kwa desturi alikuwa sahihi. Jibu lilinijia baadaye, nikiwa nimeshateremka mjini: kwamba kuna mtu anayeweza kuchukua kosa lisilo lake ili jirani yake ampokee. Lakini jibu hilo pia lina shimo. Aliyekosa kweli angefanya vilevile.

Katibu hakuliacha isale likauke. Alichukua kile kipande cha shina akakipanda katikati ya pengo la uzio. Isale ni mmea usiokufa. Ukichomeka kipande, kinashika. Miaka ilipita, likawa vichaka viwili vitatu, pengo likazibika, na watu wa nyumba zile mbili wakawa wanazunguka kwa barabara. Ukimwuliza, alisema ametunza alama ya msamaha. Na huwezi kumlaumu mtu kwa kumwagilia alama ya msamaha.

Mimi kwa tabia yangu hupenda kupima waya kuanzia ncha zote mbili. Nilimtafuta dereva wa pikapu ya kijani. Nilimpata Himo akiuza vitunguu, akasema alimpa lifti kila mtu msimu ule, ndiyo kazi aliyopewa. Kuhusu dawa hakukumbuka. Mke wa Mwenyekiti alikuwa amekwisha kufariki, na hayo si mambo ya kumwuliza mume aliyefiwa. Kisha yule mkubwa wa Dar, yule mkali wa Katibu asiyemsifu mtu, alirudi chama tawala na kukabidhiwa kadi mbele ya kamera, akitabasamu. Nilidhani Katibu atavunjika. Alikuja akakaa kwenye benchi langu.

"Huyo hakumsifu mtu hata siku moja," alisema.

Fundi cherehani, ambaye angeweza kusema mengi, aliinamia mashine yake akaendelea kushona. Tangu siku hiyo Katibu hakuitaja kanuni yake tena. Aliendelea kusikiliza London, ila alikoma kutabiri.

Mara ya mwisho tulipokuwa pamoja, redio yake ya bendi tatu alikuwa ameiweka juu ya kabati na kitambaa juu yake. Wajukuu walikuwa na redio ndogo za FM na mmoja wao simu ya mkononi. Nilikuwa nimepanda Marangu kwa msiba wa upande wa mama, nikapita kwake. Alinyanyuka kwa fimbo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha kabla sijakaa akasema watu wanasema Mwenyekiti ni mgonjwa.

Nilikuwa nimesikia. Ni koo, alilazwa hospitali mjini wiki kadhaa na wamemrudisha nyumbani. Hamezi kitu ila uji mwepesi, na huo kwa shida.

"Nani kamwona?"

"Mimi nimemwona, jana."

Alisema mtu mgonjwa sana hutaka kusamehewa, na asiye na kosa asamehewe nini. Nilimkumbusha kwamba Mwenyekiti hajamwita. Akasema ndiyo, hajamwita, na hilo lilionekana kumsumbua zaidi. Kisha akachukua kofia.

Nilielekea barabarani, yeye akaelekea uzio. Alisimama mbele ya masale yake mwenyewe, sasa yamempita urefu, akaweka fimbo mbele na kupita kiubavu, majani yakimpiga usoni. Nilimfuata. Upande wa pili alijipangusa bega, akaendelea kuelekea nyumbani kwa Mwenyekiti.

Mwenyekiti alikuwa ameketi kwenye kiti cha mto, unene wote umekwisha, shingo imefungwa kitambaa. Walisalimiana kama watu walioonana asubuhi. Katibu aliuliza habari za ng'ombe. Mwenyekiti alijibu kwa sauti iliyokuwa pumzi tu, ikabidi tuiname. Mkwewe alileta mbege, akainama ili aonje yeye kwanza, kwa kuwa baba mkwe hawezi. Mwenyekiti alimwashiria ampe yeye kata. Nyumba ni yake na mgeni ni wake.

Aliishika kwa mikono miwili, akaipandisha mdomoni. Nilijikuta natazama shingo yake chini ya kitambaa, na nilipogeuka nikaona Katibu anatazama hapohapo, kama alivyowatazama watu wote maisha yake yote isipokuwa huyu. Koo halikusogea. Mbege ilirudi pembeni mwa mdomo, mkwewe akaifuta. Mwenyekiti akanyoosha kata.

Katibu aliipokea, akanywa, hakunywa kidogo.

Mwenyekiti alimtazama, kisha akasema kitu. Tuliinama, akarudia:

"Hata leo hukuangalia."

"Nimeangalia," alisema Katibu, akanipa mimi kata.